Maji Hayayachukii Mafuta

Mafuta ya alizeti tuliyoletewa kutoka Kibaigwa yalikuwa bado na harufu ya mbegu, na chini ya dumu yalikuwa yameacha mashapo kidogo, kama ilivyo kawaida ya mafuta yaliyokamuliwa bila kusafishwa kiwandani. Mpwa wangu, mwanafunzi wa kidato cha tatu hapa Dodoma mjini, alikuwa akinisaidia kuyagawa katika chupa. Kando yake palikuwa na bilauri ya maji aliyoitia chumvi kwa ajili ya zoezi la kemia, na chumvi yote ilikuwa imekwisha kupotea machoni. Tone la mafuta likadondokea humo, likaelea.

"Mjomba, hebu tazama," alisema. "Hii chumvi ya mawe ni ngumu, bibi huitwanga kwenye kinu. Maji yameimaliza yote. Mafuta ni laini, yanatiririka yenyewe, na maji yameyashindwa. Kwa nini kile kigumu kivunjike na hiki laini kisivunjike?"

Swali hilo limekaa nami kwa wiki kadhaa, kwa sababu jibu ambalo sote tumezoea kulitoa haliligusi.

Kanuni iliyo mdomoni mwa kila mtu

Kila aliyepita katika darasa la kemia anaijua kanuni: vinavyofanana humumunyishana. Kimiminika ambacho molekuli zake zina ncha mbili za chaji, ncha moja ikiwa chanya kidogo na nyingine hasi kidogo, humumunyisha vitu vyenye ncha kama hizo. Kimiminika kisicho na ncha humumunyisha vitu visivyo na ncha. Maji yana ncha na mafuta hayana, basi habari imekwisha.

Siidharau kanuni hii. Fundi wa gereji haanzi kunawa grisi kwa maji na sabuni. Huanza na mafuta ya taa au petroli. Mpakaji wa rangi ya mafuta haoshi brashi yake bombani, bali huitumbukiza katika tina. Wote wawili wanaitii kanuni hata kama hawakuwahi kuisikia, na inawatumikia vizuri.

Lakini kutabiri ni jambo moja na kueleza ni jambo jingine. Tukimwambia mwanafunzi kwamba chumvi humumunyika katika maji kwa sababu inafanana na maji, tunampa nini? Chumvi haina hata molekuli. Ni fuwele ya ioni za sodiamu na ioni za klorini zilizopangwa kwa zamu pande zote, kila moja ikiwa na chaji kamili, wala si chaji kidogo ya upande mmoja. Ni imara kiasi kwamba ili kuiyeyusha kwa moto unahitaji nyuzi joto 801 za Selsiasi. Mafuta ya alizeti ni kimiminika hata asubuhi ya Julai, upepo wa Dodoma unapouma.

Kwa hiyo kijana ana haki ya kushangaa.

Molekuli iliyopinda

Inabidi tuanzie kwenye umbo. Molekuli ya maji ina atomi moja ya oksijeni na mbili za haidrojeni, na atomi hizo tatu hazikai katika mstari ulionyooka. Zimepinda kwa pembe ya nyuzi 104.5. Oksijeni huvuta elektroni kwa nguvu zaidi kuliko haidrojeni. Katika kipimo kilichotungwa na mwanakemia Linus Pauling mwaka 1932, ambacho hulinganisha uwezo wa atomi kuvuta elektroni, oksijeni ina 3.44 na haidrojeni 2.20. Tokeo lake ni kwamba upande wa oksijeni huwa hasi kidogo na upande wa haidrojeni huwa chanya kidogo.

Kupinda huko ndiko kunakobeba kila kitu. Katika kabonidayoksaidi pia oksijeni huvuta elektroni kutoka kwa kaboni, tena pande zote mbili, lakini molekuli imenyooka, hivyo mivuto miwili hubatilishana na molekuli nzima haina ncha. Kama maji nayo yangekuwa yamenyooka, yangekuwa gesi katika joto hili tulilonalo, na sisi tusingekuwepo kuuliza maswali ya chumvi.

Kuna jambo la pili lililo muhimu kuliko ncha zenyewe. Haidrojeni ya molekuli moja hujishikiza kwenye oksijeni ya jirani, na kifungo hicho cha haidrojeni hukatika na kuungwa upya mara mabilioni kwa sekunde. Maji ni jamii ya molekuli zinazoshikana na kuachana bila kupumzika, na ni jamii hiyo, wala si molekuli moja moja, inayoamua nani aingie.

Nyuzi 801 ndani ya bilauri

Sasa chumvi. Kuzitenganisha kabisa ioni zilizo katika gramu 58 za chumvi kunahitaji nishati ya kilojuli 787 hivi, na hakuna jiko lolote chini ya bilauri ile. Nishati hiyo inatoka wapi?

Inatoka kwa maji yenyewe. Ioni ya sodiamu, iliyo chanya, inapong'oka kwenye fuwele huzungukwa mara moja na molekuli za maji zilizoielekezea upande wao wa oksijeni. Ioni ya klorini huzungukwa na molekuli zilizogeuza upande wa haidrojeni. Kila molekuli inayojipanga hivyo hutoa nishati kidogo, na jumla ya nishati inayotolewa hukaribia sana ile iliyotumika kubomoa fuwele. Pengo linalobaki ni la kilojuli 4 hivi. Pengo hilo hulipwa na joto la maji, ndiyo maana maji hupoa kidogo chumvi inapomumunyika.

Maji hufanya na jambo jingine. Ioni mbili zikiwa ndani ya maji, mvuto kati yao hupungua takriban mara 80 ukilinganisha na mvuto ambao zingekuwa nao katika ombwe, yaani mahali pasipo na kitu chochote, kwa sababu molekuli za maji zilizoko katikati hujigeuza na kuuficha. Sodiamu na klorini zinaweza kupishana humo kana kwamba hazikuwahi kujuana.

Hapa ndipo mawazo yangu yalipogeuka kwa mara ya kwanza. Nilikuwa nikiyafikiria maji kama mshindi aliyeivunja chumvi, ilhali hesabu inaonyesha biashara ambayo haina faida wala hasara kubwa: 787 zimetoka, karibu zote zimerudi. Kinachoisukuma chumvi iende ndani ya maji, licha ya lile pengo dogo, ni kwamba ioni zilizokuwa zimefungwa mahali pamoja sasa zina njia nyingi mno za kutawanyika. Wanakemia hupima jambo hili kwa kiasi kinachoitwa entropi, na vitu vikiachwa vyenyewe huelekea pale ambapo njia ni nyingi.

Kama ni hivyo, ugumu wa kitu haukuwa swali tangu mwanzo. Swali ni malipo yanayopatikana baada ya kukibomoa.

Gamba la birika

Aliye na mashaka na aangalie ndani ya birika lake. Wengi wetu tuliokunywa maji ya visima vya mkoa huu tunalijua lile gamba jeupe linaloganda chini, ambalo hata ukilikwangua hurudi. Kwa kiasi kikubwa ni kalsiamu kabonati, ndugu wa chokaa na marumaru, na imejengwa kwa ioni kama chumvi ya mezani ilivyojengwa. Kwa kanuni ya kufanana ingepaswa kumumunyika bila shida. Hata hivyo, lita moja ya maji safi huchukua miligramu kumi na kitu tu za kalsiamu kabonati, wakati lita hiyo hiyo huchukua zaidi ya gramu 350 za chumvi.

Tofauti kubwa iko kwenye chaji. Ioni ya kalsiamu ina chaji mbili chanya na ya kabonati ina mbili hasi, hivyo, umbali ukiwa sawa, mvuto wake ni mara nne ya ule wa ioni zenye chaji moja moja. Maji hutoa malipo makubwa kwa kalsiamu pia, lakini hapa hayatoshi. Ningependa kusema kwamba tumepata kanuni mpya, yaani chaji mbilimbili hazimumunyiki, lakini magnesiamu salfeti, ambayo nayo ina chaji mbilimbili, humumunyika kwa wingi. Na magadi, ambayo ni kabonati ya sodiamu, humumunyika kwenye chungu bila kusita. Kila jozi ina hesabu yake.

Kalsiamu hiyo hiyo ndiyo inayofanya sabuni ya mche igome kutoa povu katika maji magumu. Molekuli ya sabuni ina kichwa chenye chaji, kinachopenda kukaa ndani ya maji, na mkia mrefu wa kaboni na haidrojeni usio na ncha. Ikiwa na sodiamu, inamumunyika. Kalsiamu ikikinasa kichwa, mikia miwili hujikuta imefungwa kwenye ioni moja, na kinachotokea ni ule utando wa kijivu unaozunguka ukingo wa beseni. Dobi wa Dodoma hulipia kemia hii kwa vipande vya ziada vya sabuni.

Mafuta hayafukuzwi

Nilidhani sehemu ya mafuta itakuwa nyepesi. Ndiyo iliyonichosha.

Maelezo ya mtaani, na ya baadhi ya vitabu, ni kwamba maji huyasukuma mafuta, kwamba vitu hivi viwili vinachukiana. Ingekuwa hivyo, tone la mafuta likitua juu ya maji masafi lingejikunyata. Mara nyingi hufanya kinyume chake: hutanda. Benjamin Franklin alieleza mwaka 1774 jinsi alivyomwaga kiasi cha kijiko cha chai cha mafuta kwenye bwawa la Clapham, jijini London, yakatanda mpaka kutuliza eneo la karibu nusu ekari. Zaidi ya karne moja baadaye, Agnes Pockels, mwanamke wa Kijerumani ambaye hakupata nafasi ya kusoma chuo kikuu, alipima tabia ya tando kama hizo kwa kifaa alichojiundia nyumbani, na matokeo yake yakachapishwa katika jarida la Nature mwaka 1891. Mafuta ya mimea yana atomi chache za oksijeni ambazo maji huzivuta, na hata mkia usio na ncha huvutwa na maji kwa mvuto dhaifu ulio baina ya molekuli zote.

Maji na mafuta yanavutana, basi. Kwa nini hayachanganyiki?

Wengi wangetabiri kwamba kuviingiza vimiminika vya kaboni na haidrojeni ndani ya maji kunahitaji joto jingi. Vipimo vimeonyesha kwamba kwa heksani, mojawapo ya vimiminika hivyo, katika nyuzi joto 25 hivi, joto linalohitajika ni karibu sifuri. Hakuna chuki inayoonekana kwenye kipimajoto. Kizuizi kiko upande wa entropi, jambo ambalo wanakemia Henry Frank na Marjorie Evans waliliweka wazi mwaka 1945, na ambalo mwenzao Walter Kauzmann alilitumia mwaka 1959 kueleza jinsi protini zinavyojikunja ndani ya mwili.

Picha niliyoipata baada ya kuhangaika ni ya wazee waliokaa duara wakipokezana kata ya pombe ya mtama. Kila mmoja anaweza kumpa wa kushoto, wa kulia au wa mbele yake. Akiketishwa katikati yao mgeni asiyepokea wala kutoa, hakuna anayemchukia, wala hakuna anayeacha kunywa. Walio karibu naye, hata hivyo, sasa wana pande chache za kugeukia. Ndivyo zilivyo molekuli za maji zinazoizunguka molekuli ya mafuta: zinaendelea kushikana zenyewe kwa zenyewe, lakini zinalazimika kujipanga kwa namna chache zaidi. Wageni wawili wakikaa pamoja, wanaobanwa hupungua. Ndiyo maana matone madogo ya mafuta huungana kuwa makubwa, bila ya mafuta kutafutana kwa mvuto wowote wa pekee.

Frank na Evans walizifananisha molekuli hizo za maji na vijilima vya barafu, na wataalamu wamebishana sana kuhusu picha hiyo. Nadhani wanaoitilia shaka wana hoja nzuri, kwa sababu maji yaliyo karibu na mafuta bado ni kimiminika. Upungufu wa entropi wenyewe, hata hivyo, hupimika.

Kwa hiyo chumvi huingia kwa kuwa inayapa maji kitu cha kushika, na kutawanyika kunaongeza njia. Mafuta huachwa nje kwa kuwa hayana cha kushikwa vya kutosha, na kuyaingiza kunapunguza njia za maji yenyewe.

Mkia unapokuwa mrefu

Neno "vya kutosha" linahitaji kufafanuliwa, kwa sababu polariti, yaani hali ya kuwa na ncha za chaji, si mlango wenye hali mbili tu, kufunguka na kufungwa. Molekuli ya kawaida ya mafuta ya alizeti, iliyojengwa kwa asidi ya linoleiki tatu, ina atomi 57 za kaboni na 6 tu za oksijeni. Sukari ya mezani ina kaboni 12 na oksijeni 11, na nane kati ya oksijeni hizo zimebeba haidrojeni inayoweza kushikana na maji. Mililita 100 za maji huchukua takriban gramu 200 za sukari katika joto la kawaida, jambo ambalo wauza juisi wanalifahamu kupita kiasi.

Alkoholi zinaonyesha vizuri zaidi jinsi mambo yanavyobadilika hatua kwa hatua. Ethanoli, ile iliyomo katika mvinyo wa zabibu zetu, ina kaboni mbili, na huchanganyika na maji kwa kiwango chochote. Butanoli ina kaboni nne, na mililita 100 za maji huchukua gramu 7 hadi 8 tu. Heksanoli ina kaboni sita, na kiasi hicho hushuka hadi karibu gramu 0.6. Kichwa ni kile kile katika zote tatu. Mkia tu ndio uliorefuka.

Chungu cha mlenda wa Kigogo huzikusanya pande zote mbili za hesabu hii. Ule utelezi ni minyororo mirefu ya sukari, yenye vishikio vingi ambavyo maji huvidaka, na ndiyo maana mchuzi wote huwa mzito. Ndani ya majani hayo hayo mna beta-karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Fomula yake ni kaboni 40 na haidrojeni 56, haina oksijeni hata moja, na unaweza kuchemsha mchana kutwa bila maji kuichukua. Karanga zilizotwangwa, ambazo karibu nusu ya uzito wake ni mafuta, huipa mahali pa kwenda, na tumboni mafuta hayo pamoja na nyongo huisaidia kufika kwenye ukuta wa utumbo. Bibi hakuhitaji fomula kujua kwamba mlenda bila karanga haujakamilika, ingawa nadhani yeye alikuwa akifikiria ladha.

Ukiyachemsha je?

Nilipomweleza mpwa wangu habari ya duara na kata, alinisikiliza, kisha akauliza kama moto ungebadilisha lolote. Hapa Dodoma, tulio zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka karibu na nyuzi 96, na katika joto hilo mafuta bado huelea. Jikoni, jibu ni hapana.

Yakifungiwa katika chombo cha chuma kinachohimili shinikizo, maji huweza kupashwa joto zaidi bila kuchemka, na vifungo vya haidrojeni hulegea kadiri joto linavyopanda. Katika nyuzi 250 hivi, uwezo wake wa kuuficha mvuto kati ya ioni hushuka kutoka mara 80 hadi chini ya mara 30, na yanaanza kutenda karibu kama alkoholi. Yakipita nyuzi 374, na shinikizo likiwa zaidi ya mara 218 ya lile la hewa kwenye usawa wa bahari, hayawi tena kimiminika wala gesi ya kawaida, na uwezo huo unakuwa umeshuka chini ya mara 10.

Molekuli ni ile ile, bado imepinda na bado ina ncha zake, lakini jamii imesambaratika. Humo vimiminika vya kaboni na haidrojeni, kama heksani, huchanganyika na maji kabisa. Chumvi ya mezani hudondoka chini kama unga, na wahandisi wanaotumia maji ya namna hiyo kuteketeza taka za sumu husumbuka kuizuia isizibe mabomba yao.